Upande Wenye Mstari

Kapasita, kile kidude cha kuhifadhi chaji ya umeme, ililipuka saa tatu asubuhi, mbele ya mjomba na wateja wawili. Ilikuwa ya njano, haizidi punje ya dengu, lakini ilitoa mwali na moshi wa kukohoza. Mjomba alizima umeme, akavua miwani, akaniambia kwa upole wake ule unaouma kuliko kofi kwamba kesho nirudi kaunta nikauze betri na rimoti. Wiki iliyopita nililipua nyingine kama hiyo, akanionya: ya pili, meza ya ufundi basi. Hii ndiyo ya pili.

Meza ile niliipigania miaka miwili. Sikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya kidude cha ukubwa wa dengu.

Kifaa chenyewe kilikuwa cha mkunga wa zahanati ya jirani, cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Angekifuata saa saba. Mjomba alitaka kumpigia simu amwambie tumeshindwa. Nikamwomba aniachie hadi saa hiyo. Akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamjibu kwamba mimi sizoi maji, namtafuta aliyeyamwaga. Mteja mmoja akacheka. Mjomba hakucheka, ila simu hakupiga.

Aliyefunzwa na mjomba anajua: kapasita ina mguu wa chanya na mguu wa hasi, ukiigeuza inapasuka, na mstari uliochorwa ubavuni huonyesha hasi. Alinifundisha hivyo siku ya kwanza, kwenye redio kubwa, na kwenye redio kanuni hiyo haijaniangusha hata mara moja. Hii nayo niliiweka hivyo hivyo. Ndiyo maana nilikasirika. Ningekosea kwa uzembe, ningechukua kitambaa nikafute kaunta bila kinyongo. Lakini kukosea huku nimefuata kila neno nililofundishwa, hapana.

Kapasita ya awali ya kifaa hiki, iliyoharibikia zahanati, ilikuwa imeungua hata mstari wake hauonekani. Lakini kwenye bodi zilibaki nyingine mbili za njano, nzima, zilizowekwa kiwandani na ambazo mkono wetu haujazigusa. Nikachukua mita ya kupimia umeme, nikagusisha waya wake mmoja kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye mguu wa upande wenye mstari. Kimya. Nikahamia mguu usio na mstari, mita ikalia, ishara kwamba mguu huo ndio umeungana na hasi. Kapasita ya pili nayo vilevile. Nilirudia mara sita, maana kumpinga aliyekulea si jambo la kupima mara moja.

Kwenye hizi ndogo, mstari ulikuwa chanya.

Nikasafisha masizi, nikachomea mpya kwa kuigeuza, kisha nikamwita mjomba kabla sijawasha. Ningeweza kuijaribu kwanza kwa siri, lakini nilitaka aone, hata kama ingenilipukia usoni. Niliogopa, sifichi.

"Mjomba, ulichonifundisha ni kweli kwa zile kubwa," nikamwambia. "Kwa hizi ni kinyume."

"Nani kakwambia?"

Nikampa mita. Akapima mwenyewe, taratibu, zote mbili. Kisha akasema niwashe.

Taa ya kijani ikawaka, ikatulia. Mjomba akachukua kipokezi, akakibandika shingoni mwake kwenye mshipa, na chumba kizima kikasikia moyo wake ukienda mbio. Akavuta kiti kile cha meza ya ufundi, akanisogezea mimi. Yeye alibaki amesimama.

"Binamu yako alilipua tatu za namna hii," akasema. "Akaniambia huu mstari si wa kuaminika. Mimi nikamwambia hana mkono wa ufundi, atoke."

Mapigo yaliendelea kusikika mpaka alipokizima kifaa mwenyewe. Akakifuta kwa shati lake, akakiweka tayari kwa mkunga, halafu akaniomba namba ya simu ya mwanawe huyo, kwa sababu yeye alishaifuta.