Nakuja

Albamu ilibakiza wimbo mmoja tu. Nyimbo mpya zilikwisha kurekodiwa, na za zamani ambazo mwimbaji alizigeuza jazi zilimkubali, isipokuwa huu wa kuagana ambao kila mtu anaujua.

"Dada, umekosea tena," fundi sauti alimwambia kutoka nyuma ya kioo cha studio. "Maneno ni 'naondoka, mpenzi'. Wewe unaimba 'nakuja'."

Ilikuwa mara ya tatu. Mpiga piano alijifanya anatafuta miwani, na miwani yenyewe iko usoni.

Mwimbaji alivua hedfoni. Miaka kumi na moja nyuma, mumewe, mpiga saksafoni wa bendi yao, alisimama mlangoni asubuhi, kamba ya kiatu kimoja haijafungwa. Akasema, "Nakuja," kama mtu anayekwenda dukani kununua kiberiti. Chai yake ilipoa mezani, na mkewe hakuthubutu kuimwaga hadi kesho yake.

"Sijakosea," alisema. "Mimi sikuambiwa 'naondoka'."

Fundi alikuna kichwa. "Kwa hiyo tuuache hivyohivyo?"

"Uache. Akiusikia huko aliko, akumbuke alisema mwenyewe."