Kitanda cha Kumi na Saba

Kovu langu halizidi punje ya dengu. Liko juu ya paja, pale daktari alipopitisha waya mwembamba hadi ubongoni, akauziba mshipa uliotuna kabla haujapasuka. Picha ni safi. “Umepona, Tareen sahib,” alisema, akafunga faili. Hakuuliza kwa nini mlio wa kijiko kikombeni hunichoma kama msumari, wala majina hukimbilia wapi ninapoyahitaji. Heri ningekatwa mguu. Mgonjwa asiye na jeraha huonekana mvivu aliyepata kisingizio.

Asubuhi ya mkutano wa tuliosoma pamoja, mke wangu Nuzhat alinitia kikaratasi mfukoni mwa koti.

“Baba Hira, majina yote haya hapa, kitanda kwa kitanda.”

“Bweni letu halisomi karatasi.”

“Basi jana bweni lenu lingekukumbusha kuwa chai umeshakunywa mara mbili.”

Kila mwaka, theluji ikishayeyuka, tunajipanga chini ya misunobari ya shule yetu, mjini Abbottabad. Kiranja huita majina kwa ghibu, akifuata vitanda tulivyolalia. Aliye hai huitika; kwa marehemu tunainamisha vichwa, tunanyamaza pumzi moja, kisha tunaendelea. Kiranja ni mimi, tangu tuhitimu. Mara moja tu mafua yaliniziba sauti, mwenzetu mmoja akaniwakilisha kwa kusoma. Nilimpokonya karatasi mbele ya wote. “Anayehitaji wino kuwakumbuka ndugu zake,” nilimwambia, “hakulala nao.”

Safari hii nilianza vyema. Kwenye kitanda cha kumi na saba, ulimi uligonga ukuta. Uso niliujua: nyusi nene, sikio lililovunjwa na mpira wa magongo. Alikuwa yule yule niliyempokonya karatasi, amesimama hatua tatu mbele yangu. Jina halikuja. Wenzangu wakadhani nimefika kwa marehemu. Vichwa vikainama, mmoja akaanza kunong’ona dua.

“Jamani, mie bado nakula nyama!” akasema mwenye sikio.

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliutazama mfuko wangu, ambamo kikaratasi kilikuwa kikichungulia.

“Unaumwa, kiranja?”

“Nimepona!” nikafoka. “Picha ni safi.”

“Sikuuliza habari za picha.”

Hasira ilinipanda, hasira isiyo na wa kupigwa. Nilikichomoa kikaratasi. Sikukifungua, nikampa.

“Zarak Khattak,” akasoma, kisha akajiitikia mwenyewe: “Nipo.”

Akakikunja, akakitia mfukoni mwake, akaendelea kuita kwa ghibu, bila kukosa hata kitanda kimoja.

Cha mwisho, kando ya mlango, kilikuwa changu. Aliliita jina langu kwa sauti kavu, kama inavyopasa. Nilifungua kinywa kuitika; neno halikuja. Pumzi moja ikapita, na vichwa vikaanza kuinama.