Mgomba wa Shemeji

Kajetani alilipiga jembe lile tuta mara ya mwisho, akarudi nyuma kulitazama, akaridhika. Kaburi la nguruwe wawili, nani angebisha? Ukweli ni kwamba nguruwe wenyewe walishaishia matumboni mwa wageni siku ya kipaimara cha binti yake. Homa ya nguruwe ilipoingia Mpitimbi, amri ilikuwa wazi: nguruwe wote wazikwe, mabanda yachomwe. Lakini Kajetani aliona ni dhambi kufukia nyama huku watoto wamekodoa macho.

Aliyetii amri ni Notburga, mjane wa kaka yake. Alilia, akalizika jike lake lenye mimba, akachoma banda. Shimo alichimbiwa na Kajetani, na kwa kuwa mkulima wa huku hawezi kuona udongo laini ukakaa bure, Kajetani akapachika mche wa mgomba palepale juu. "Utanishukuru, shemeji," alisema.

Sasa serikali ilikuwa imekubali kuwapa wafugaji kifuta jasho, mradi mtu aonyeshe alipozika. Kwa Notburga, hiyo ilikuwa njia pekee ya kupata jike lingine. Tangu ruzuku ya mbolea iondolewe, mahindi yake yalikuwa ya kula tu. Nguruwe ndiye aliyekuwa akimsomesha mwanawe Yasinta.

Bwana mifugo, Remigi, alikuja na pikipiki. Kwa Kajetani alilitazama tuta, akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Wakavuka uzio kwenda kwa Notburga.

"Shikamoo, mama. Ulizika wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hapo penye mgomba. Yuko chini yake."

Remigi aliyatazama yale majani mapana. "Mama, wenzako wote wana makaburi, wewe una shamba. Na kufukua siruhusiwi, ugonjwa utaenea tena. Pole sana."

 Notburga alimgeukia Kajetani, akingoja aseme.

 Kajetani alijua kwamba akifungua mdomo, ataulizwa pia juu ya tuta lake, mbona udongo bado mbichi. Kunyamaza kulikuwa rahisi, naye alinyamaza, aibu ikimtafuna, mpaka Remigi akawasha pikipiki.

"Bwana mifugo, zima kwanza!" Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Mgomba huo niliupanda mimi. Jike la shemeji nililishusha shimoni kwa mikono hii. Lisilo na kitu ni tuta langu. Wangu tuliwala."

Remigi alilikata jina la Kajetani, akaandika la Notburga. Jioni ile Lidwina, mke wa Kajetani, alimtupia mumewe sahani ya ugali mezani, wala hakumwekea mboga.

Malipo yalipotoka, Notburga alikwenda hadi Namtumbo, akarudi na jike changa lililofungwa kamba. Hakwenda kwake, alikuja moja kwa moja kwa Kajetani, ambaye banda lake, alilomficha Remigi nyuma ya nyumba, lilikuwa bado limesimama, tupu. Moyo wa Kajetani ukafurahi. Kumbe shemeji hana kinyongo!

"Karibu, shemeji. Mwingize, banda lipo."

"Hilo?" Notburga hakusogea. Alifungua pindo la khanga, akamnyooshea kiberiti. "Lichome kwanza. Halafu tujenge jingine, tufuge wote."