Feni za Nyuma ya Kabati

Biserka aliligeuza kochi Jumatatu, mumewe Peđa alipokuwa kazini. Zamani lilikuwa limeegemea ukuta wa jikoni. Sasa upande wa kichwani ulikaa karibu kabisa na pembe ya kabati la televisheni, pale ambapo Peđa alikuwa amekata tundu la mviringo na kufunga feni ndogo ya USB ya kutoa hewa moto nje. Feni ya pili, ya kuingiza hewa baridi, ilikuwa upande wa pili wa kabati.

"Hapa televisheni utaiona vizuri zaidi, mama," alimwambia mama mkwe wake.

Rosanda alikaa, akaupapasa mto. "Asante, mwanangu. Ila kuna upepo."

"Upepo wapi?" Biserka aliinama, akauweka mkono mbele ya tundu, akauacha pale kitambo. "Kweli bwana. Unapiga shingoni moja kwa moja. Mimi nisingeweza kulala hapa."

Hakuhitaji kusema zaidi. Rosanda alipokuwa bibi harusi alisafiri ndani ya basi lililofunguliwa madirisha ya pande zote mbili, na kesho yake aliamka upande wa kushoto wa mdomo umeshuka. Daktari alimweleza habari za mshipa wa fahamu na virusi. Alimsikiliza kwa adabu, na tangu siku hiyo hakukaa tena mahali upepo unapoingia huku na kutokea kule. Hakuna mtu katika mji wao wa Niš, ambako wote huamini upepo wa namna hiyo huleta ugonjwa, aliyemwona mjinga kwa hilo. Katika nyumba yao, hata Agosti, dirisha la upande mmoja halikufunguliwa kabla la upande mwingine halijafungwa. Peđa mwenyewe, fundi umeme wa kiwandani, hakuwahi kutoka nje na nywele zenye maji.

Ndani ya kabati kulikuwa na kompyuta ndogo na diski mbili. Kwa majira matatu ya baridi Peđa alikuwa amehamishia humo kanda zote za baba yake, marehemu Tihomir, aliyepiga kodiani katika harusi za vijijini kwa miaka mingi. Kanda zilikuwa zimeshika ukungu. Alipomaliza kazi alizitupa. Kila kilichoandikwa kwenye diski moja kiliandikwa pia kwenye ya pili, na Peđa aliamini kwamba huo ni usalama wa kutosha. Diski zote mbili zilikuwa ndani ya kabati moja. Biserka aliliona jambo hilo kabla yake.

Jumanne jirani yao Desanka alikuja kunywa kahawa jikoni. Aliashiria sebule kwa kidevu.

"Bado yupo?"

"Yupo, kajaa tele."

"Shoga, kile kitanda kinashikiliwa mpaka mwisho wa mwezi tu. Binamu yangu anayefanya kazi pale anasema watu wanagombea nyumba ile ya wazee kama bure. Unangoja nini? Akufie kwenye kochi?"

"Peđa aliapa mbele ya kaburi la baba yake kwamba hampeleki popote."

"Aliapa kuacha sigara pia."

"Mimi nikilisema, hatalifanya kamwe. Lazima litoke kinywani mwake."

Sebuleni kitu kilichokuwa kikivuma taratibu kilinyamaza.

"Nini hicho?" Desanka aliuliza.

"Hakuna kitu. Kunywa, inapoa."

Ndivyo ilivyoendelea. Asubuhi Peđa akishaondoka, Rosanda alichomoa waya wa feni. Jioni, akisikia lifti, aliurudisha. Mchana tundu aliliziba kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, maana hata bila feni joto bado lilimfuata. Hakuona kosa. Alimwambia Biserka wazi, "Binadamu anashikwa na baridi. Chuma kinashikwa na nini?" Peđa alikuwa amemkataza kugusa, lakini alimkataza mambo mengi, na hakuwahi kumweleza sababu.

Biserka alijua sababu. Alipokuwa akifuta vumbi alilaza kiganja juu ya kabati. Lilikuwa na joto la sinia lililotolewa kwenye oveni sasa hivi. Mlango wa kioo wa kabati, ambao Peđa aliuacha wazi kidogo siku za joto kali, aliusukuma mpaka ukajifunga. Alipogeuka, Rosanda alikuwa akimtazama kutoka kwenye kochi.

"Vumbi, mama," Biserka alisema.

"Naona," alijibu Rosanda.

Alhamisi diski ya kwanza ilikufa. Peđa hakushtuka sana. Vitu hufa, na ndiyo maana aliweka mbili. Alinunua mpya, akaifunga, na kompyuta ikaanza kuijaza kutoka kwenye ile iliyobaki. Kazi hiyo huchukua usiku na mchana, na hakuna kazi inayoichosha diski nzee kuliko hiyo. Ijumaa asubuhi, akiwa amevaa viatu, aliwaita wote wawili.

"Leo hakuna kugusa hapa. Mnanisikia? Diski iliyobaki inafanya kazi ya mbili. Mama, nasema na wewe."

"Nasikia, mwanangu."

Alipoondoka, Rosanda alikaa akijisugua shingo. Usiku kucha alikuwa amelala na feni ikimpulizia. Baadaye alimwendea Biserka jikoni.

"Shingo imekaza. Na huku mdomoni panachezacheza, kama safari ile. Nifanye nini?"

Biserka alikuwa akichoma pilipili hoho. Angeweza kulirudisha kochi ukutani; ilikuwa kazi ya dakika mbili. Aliigeuza pilipili kwa uma, ngozi yake ikapasuka.

"Fanya unavyoona, mama. Mdomo ni wako."

Rosanda alisimama kidogo mlangoni, kisha akarudi sebuleni. Mvumo wa feni ukakoma.

Peđa aliporudi, feni ilikuwa imeshachomekwa, lakini harufu aliikuta. Alifungua kabati, akagusa diski, akautoa mkono haraka. Alijaribu kwenye skrini; hakuna wimbo hata mmoja wa baba yake uliofunguka. Kisha akazunguka nyuma, akakivuta kile kitambaa, kilichosahaulika kwenye tundu.

Hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka badala ya kupanda.

"Nini hiki?"

"Upepo ulikuwa unanipiga mdomoni, mwanangu."

"Mdomoni." Alikikunja kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka magotini mwa mama yake. "Mama, kwa umri huu, nani anautazama mdomo wako? Umepata miaka sabini na moja ya kuutumia, na sijakusikia ukisema nao neno moja la maana. Baba alikuwa na kitu cha kuacha. Wewe utaacha vitambaa."

Peđa alimgeukia mkewe.

"Wewe ulikuwepo kutwa."

"Nilikuwa jikoni, Peđa. Nilikuwa nachoma pilipili."

"Hukusikia feni imezimika?"

"Hakujua," alisema Rosanda. "Nilifanya mwenyewe."

Peđa aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Kile kitanda cha Desanka," akasema, "bado kipo?" Biserka alitambua kwamba siku zote mumewe alijua habari za kile kitanda.

Jumapili Peđa alitangulia chini na sanduku la mama yake. Wanawake wawili walibaki kwenye korido, Rosanda akifunga vifungo vya koti la sufu licha ya joto.

"Kwa nini hukumwambia?" Biserka aliuliza. Alitaka kujua kweli.

"Nimwambie, akufukuze, nibaki naye peke yangu?" Rosanda alimaliza kifungo cha shingoni. "Kodiani yenyewe sitaililia. Lakini ile sauti yake ya chini naijua tangu ilipokuwa ya baba yake. Tulikuwa tunagawana, mwanangu, mimi na wewe. Kuanzia leo yote yako."

Jumatano Biserka alitandika kitambaa cha meza sebuleni na kumwita Desanka kwa kahawa. Walikuwa wakicheka Peđa alipoingia. Hakumsalimu mgeni.

"Mwambie aende."

"Jamani, shemeji, hata kikombe—" alianza Desanka.

"Biserka. Mwambie."

Desanka aliondoka bila kuambiwa. Peđa alivuta kiti, akakaa mbele ya mkewe, akaweka mikono juu ya meza kama mtu anayesubiri kupimwa damu.

"Nimefikiri," alisema kwa sauti ya chini. "Feni ile inasikika mpaka chooni. Ikizimika, unasikia zaidi. Sasa nieleze ile Ijumaa. Ulisimama wapi, ulikuwa unafanya nini, ulisikia nini."

"Peđa, nilishakwambia."

"Niambie."

Alimweleza. Jiko, pilipili, mlango wa jikoni uliofungwa. Mlango huo haukuwa umefungwa, na alipoutaja aliona jicho la mumewe likisimama hapo kidogo, kisha likaendelea. Peđa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akawasha sigara, akausogeza mkebe wa majivu karibu.

"Haya," alisema. "Anza tena. Polepole. Kuanzia pilipili ya kwanza."