Chupa ya Sajini Ojara

Saratani ya Sajini Ojara ilikuwa ya mwanamke. Nilivua miwani, nikaifuta kwa shati, nikachungulia tena kwenye hadubini, na bado ilikuwa ya mwanamke. Mimi Bibiane, Mkongo wa Bukavu niliyekwisha kuona vita kwa macho yangu, nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara.

Miezi mitano nilizikuza seli zile. Daktari alikata kipande cha uvimbe tumboni mwa Ojara, nami nikakikatakata, nikakitia kwenye chupa yenye maji ya lishe na majimaji ya damu ya ndama niliyokwenda kuichukua mwenyewe machinjioni. Nikakilea kwenye joto la mwili mpaka seli zikashika kwenye kioo na kuzaana. Jamani, nilivyojisifu! Kabatini tulikuwa na dawa mbili za saratani. Tulizijaribu chupani, moja ikaua seli, nyingine haikufanya kitu. Iliyoua ndiyo Ojara aliyochomwa kila Jumatatu kwa wiki kumi. Ile nyingine tuliwapa wagonjwa wengine, ikaisha, na mwaka huo wa sabini na tano dawa kuingia Kampala ilikuwa ndoto.

Jumatatu hiyo nilikuwa nakagua kromosomu kwa sababu tu Daktari, kabla hajatorokea Nairobi, aliniachia orodha ya kazi. Ile kromosomu fupi ya kiume haikuwepo. Nikajifariji kwamba saratani hupoteza vitu. Halafu nikazipanga kando ya seli za chupa iliyotoka ng'ambo, za mama mmoja aliyekufa zamani, ambazo tulijifunzia kazi. Zilifanana alama kwa alama.

Nilijua mara moja. Tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe nchini, pipeti za kioo za kuvutia maji zilibaki tatu, na maji ya lishe ya seli zote tuliyaweka kwenye chupa moja kubwa. Ni mimi niliyechovya humo pipeti iliyogusa seli za yule mama, labda mara moja tu. Tone lilitosha. Seli zake zina nguvu, zilikua haraka zikazimaliza za Ojara. Mjinga mimi, mjinga wa kutupwa! Wiki kumi nilikuwa namtibu marehemu.

Na Ojara alikuwa barazani, anangoja sindano. Askari wa kambini, bastola kiunoni, mkanda umekazwa hadi tundu la mwisho. Siku hizo mtu aliweza kupotea kwa kuchelewesha salamu tu. Kusema kweli nilitaka kunyamaza. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho kingekuwa cha mke wake, Lakot, aliyeketi naye pale akimshikia kofia. Nikamwita Ojara peke yake, nikafunga mlango, nikamweleza yote, hata habari ya pipeti.

Hakugusa bastola. Aliitazama ile chupa. Kila Jumatatu alizoea kuichungulia na kuitukana, lakini leo hakuwa na tusi.

"Hiyo mama alipona?"

"Alikufa, afande."

"Na hii yangu, nani anajua dawa yake?"

"Hakuna anayejua."

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia sindano ile inamtesa bure, na mimi simchomi tena. Akakunja mkono wa shati.

"Lakot ako nje," alisema. "Ataniuliza. Weka maji, sista."

Nikavuta maji matupu kwenye bomba la sindano, nikamchoma. Alipotoka, Lakot aliingia, akapiga magoti mbele yangu kama wanawake wa huku wanavyoshukuru. Alisema Mungu anibariki, dawa ya leo ni nzuri kuliko zote, maana mume wake ametoka bila kukunja uso.