Mia Nne Kamili

Barua kutoka ofisi ya usafiri ilisema basi letu la Jumanne na Ijumaa litaondolewa ikiwa kijiji hakifikishi watu mia nne. Kijiji kizima kikanitazama mimi. Nimekuwa seremala miaka arobaini, na hesabu nilijifunza ukubwani, masomo ya jioni, vumbi la mbao likiwa bado kichwani. Sijisifu, lakini hapa kwetu hakuna anayenishinda kugawanya.

Jumapili nilipita nyumba kwa nyumba, nikiandika idadi ya waliomo kwa chaki juu ya kila mlango. Nikajumlisha. Mia nne kamili, bila hata mmoja wa akiba.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mke wangu. Kila Jumanne hupanda basi kwenda kliniki kusafishwa kidonda cha mguu, hukaa kwa mdogo wake, na kurudi Ijumaa. Na karani wa kuhakiki kutoka ofisi ya usafiri angeshuka Jumanne, ahesabu Jumatano.

"Mama, wiki hii usiende," nilimwambia.

"Nibaki nihesabiwe?"

"Tukipungua mmoja tu, basi hatuna tena."

"Na kama silipandi, la nini? Au mguu utapona kwa hesabu zako?"



Jumanne nilisimama kando ya mlango wa basi na chaki yangu. Walishuka wenzetu wanane, kisha karani, mtu mwembamba mwenye mkoba. Wakapanda tisa, wa mwisho mke wangu, kondakta akimshika mkono. Nilitoa, nikajumlisha, nikafuta, nikaandika tena ubavuni mwa basi, mpaka dereva, tunayemwita Breki, akachungulia dirishani.

"Fundi, hilo si ubao wa shule."

"Subiri kidogo, kuna mmoja amenipotea."

"Yuko siti ya mbele huku, anakucheka."

Basi likaondoka na hesabu yangu ubavuni.

Karani nilimpa chumba cha wageni. Jumatano tukazunguka pamoja, yeye akiuliza kila mlango nani alilala hapo usiku wa kuamkia siku hiyo. Majibu yalizidi kunivuruga. Mke wa fundi baiskeli alisema mumewe alilala kwa mama yake. Mama mtu akasema, "Kwangu alikula tu, akaenda kwake." Tulimkuta mwenyewe karakanani, ana alama za mkeka shavuni.

"Niandikeni hapahapa," alisema, "na kule msiulize tena."

Jioni karani alijumlisha mezani kwangu, nami nikajumlisha upande wangu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo tulipata jibu moja.

"Mia tatu tisini na tisa," alisema. "Pole, mzee."

Niliuona mguu wa mke wangu ukitembea kilomita ishirini hadi kliniki. Nikaivuta ile fomu, si kwa ujanja, bali kwa kuwa sikujua nitazame wapi. Juu kabisa palikuwa na maelezo kwa herufi ndogo. Mimi husoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia misumari.

"Bwana karani, hebu soma hapa."

Akasoma: "Andika kila aliyelala kijijini usiku wa kuamkia siku ya hesabu, awe mwenyeji au mgeni."

"Jana ulilala wapi?"

"Kwako, mzee. Kitanda chako kinalia."

"Kilie. Jiandike."

"Lakini mimi ni mtu wa mjini."

"Huko mjini usiku wa jana nani alikuona?"

Aliitazama fomu kana kwamba imeandikwa na adui yake. Kisha akaandika, akapiga muhuri.

Ijumaa yeye alipanda, mke wangu akashuka na bendeji mpya.

"Basi limebaki?"

"Limebaki. Tuko mia nne."

"Pamoja na mimi?"

Nikafungua mdomo. Yule kapanda, huyu kashuka, na wale wengine wa Jumanne nao... Nikaanza kukunja vidole.

"Twende nyumbani, baba," akasema, akiniegemea bega. "Utahesabu ukiwa umekaa."