Marehemu wa Zamu ya Saa Nane

Gari lililobeba jeneza la Twalib lilikuwa limeshavuka Mingoyo, linaelekea Nyangamara ambako kaburi lilichimbwa tangu asubuhi, marehemu alipogonga ubao kutoka ndani na kuuliza ni saa ngapi.

"Saa sita na nusu," Nurdin alimjibu. Nurdin ndiye aliyekuwa mwenzake kwenye mashine ya kuchanganya unga wa dawa.

"Nitachelewa basi. Zamu yangu saa nane."

Shekhe Abilahi akatazama saa yake, akaona ni kweli. Dereva akageuza.

Kiwandani, nje kidogo ya mji wa Lindi, mlinzi alimwandika kama siku zote. Twalib alizuiwa mlangoni mwa chumba cha kuchanganyia. SOP, ile karatasi ya taratibu iliyobandikwa ukutani, inakataza nguo za pamba kwa sababu zinatoa nyuzi, na sanda ni pamba. Pamba za puani nazo akaambiwa azitoe. Akapewa ovaroli, akaingia kazini.

Kilichomuua kilijulikana. Feni ya kufyonza vumbi ilikuwa mbovu wiki ya tatu. Walikuwa wanatengeneza vidonge vya kushusha sukari, na unga wake ukiuvuta siku nyingi hauchagui mgonjwa na mzima. Jana yake alasiri Twalib alitoka jasho, akaongea maneno yasiyoshikana, akajilaza juu ya magunia. Nurdin akamfumba macho.

Baada ya wiki moja Hafsa, mkewe, alikwenda kwa Angela, msimamizi wa QA, yaani wale wanaohakiki ubora.

"Dada, nimekuja uniandikie kifo cha mume wangu."

Angela akafungua BMR, daftari la bechi ambamo kila hatua ya kazi huandikwa. Akapitisha kidole. "Feni inafanya kazi, ndiyo. Sahihi ya Twalib. Zamu imefungwa salama saa nne usiku, ndiyo. Sahihi ya Twalib."

"Saa nne tulikuwa tumeshamwosha."

"Wanasaini zote mwanzo wa zamu, mikono ikiwa bado safi. Nimewakataza mpaka nimechoka." Angela akafunga daftari taratibu. "Na GMP, sheria ya utengenezaji bora wa dawa, iko wazi, dada Hafsa. Kisichoandikwa hakikutokea."

"Na feni? Imeandikwa, kwa hiyo inazunguka?"

"Kwenye karatasi inazunguka."

"Basi huyo wa kwenye karatasi mbaki naye. Mimi nipeni wangu nikamzike."

Angela hakuwa mtu mbaya. Alimmiminia chai, akamwambia kwamba akiandika kifo bechi nzima itazuiwa, vidonge laki nane, na watu wa sukari wanavisubiri mpaka Kipatimu huko. Hafsa aliiacha chai imejaa.

Nyumbani Mtanda, Twalib alikuwa anarudi kila siku, anakaa kwenye mkeka, hali chochote. Akitikisa kichwa, unga ulimtoka masikioni. Hafsa hakujua aanze kuhesabu eda kutoka siku gani, maana mwenyewe yupo uani ananawa miguu. Majirani walimpa pole na kumsalimia mumewe papo hapo.

"Umelala walau kidogo?" Hafsa alimuuliza asubuhi moja.

"Sijui kulala siku hizi. Nimechoka, mama. Nilidhani nikifa nitapumzika."

Hafsa akachukua daftari la shule, akaandika: Twalib Likwata amekufa kiwandani kwa vumbi, feni ni mbovu. Akaandika na tarehe. Twalib akajinyoosha mkekani. Viganja vikapoa, uso ukatulia, na Hafsa akamfunika kitambaa usoni, akaanza kulia kama inavyotakiwa. Lakini karatasi ile haikuwa na namba ya fomu wala sahihi ya mtu wa pili. Ilipokaribia saa nane Twalib aliinuka, akaulizia ovaroli yake.

"Samahani," alisema. "Nilipumzika kidogo tu."

Bechi ilipata COA, cheti cha ubora, ikatoka. Vidonge vilikuwa vizuri, na watu wa Kipatimu walivipata. Angela alipandishwa cheo, akahamia Dar es Salaam. Nurdin alianguka mwezi uliofuata, juu ya magunia yaleyale, akiwa ameshasaini. Sasa wanafanya zamu pamoja na Twalib, na hawana maneno mengi. Shekhe Abilahi amesema atakuja atakapoitwa. Kaburi la Nyangamara liliingia maji ya masika, ndugu wakalifunika kwa miti ili mbuzi wasitumbukie. Hafsa hajaolewa tena wala hajakaa eda. Aliiomba ile sanda kutoka kwenye kabati la kiwandani, na kila Ijumaa huifua, huianika uani, huikunja tena.

Feni haijatengenezwa. Kila siku, saa nane kamili, inaandikwa kwamba inafanya kazi.